Kikohozi cha Dirisha la Tatu

Hivi wewe, ukimkuta mzee amejikunja juu ya piano iliyofunuliwa kifuniko, anakaza nyuzi kwa ufunguo wake, na nyuma yake mkewe amekaa kitini anafuma soksi huku akikohoa kila baada ya muda, utafikiri nini? Utafikiri mama wa watu anaumwa kifua. Walimu wa shule walifikiri hivyo. Meneja wa hoteli alifikiri hivyo. Mama mmoja wa kanisani alifikia hatua ya kumletea chupa ya dawa, naye akaipokea kwa mikono miwili, akanywa kijiko kimoja palepale ili asimvunje moyo.

Kifua chake kilikuwa kizima kabisa. Mwenye kasoro alikuwa Fundi, mumewe, na kasoro yenyewe ilikuwa masikioni. Sauti nene alizisikia vizuri: mlango ukibamizwa, lori likipita, mtu akikohoa. Sauti nyembamba ndizo zilizomkimbia, moja baada ya nyingine, kama wageni wanaoaga kwa zamu, mpaka upande wote wa kulia wa piano ukawa kwake ni vijiti vinavyogonga ubao. Sasa mtu wa kazi ya miaka arobaini, ambaye kila mwenye piano mjini anamtafuta yeye, atamwambia nani jambo kama hilo? Alimwambia mkewe peke yake. Na mkewe, aliyekaa karibu na piano tangu siku ya ndoa, akagundua kwamba masikio yake yalikwisha kujifunza kazi bila kufundishwa.

Wakapatana. Kikohozi kimoja, kaza. Viwili, legeza. Akisafisha koo, hapohapo, usiguse tena. Miaka sita walifanya hivyo na hakuna aliyeshtuka.

Kazi yao kubwa kuliko zote ilikuwa piano moja kongwe waliyoikuta stoo ya shule, imejaa vumbi na kiota cha panya, miguu miwili mizima na wa tatu umeegemezwa tofali. Ilitoka Ulaya zamani sana, na hakuna aliyekumbuka ilifikaje. Waliihangaikia miezi mitano. Siku ilipopigwa tena ukumbini, walimu walisimama wakampigia Fundi makofi mpaka mikono ikawauma. Mama, yule mkewe, naye alipewa neno lake. Mwalimu mkuu alimshika bega akamwambia, "Pole na kifua, mama."

Alicheka, lakini hilo neno halikumtoka moyoni.

Habari za piano ile zikasafiri, na mwaka uliofuata ikaja barua. Ilitoka kwenye nyumba moja huko Ulaya inayotunza piano za zamani, zile zilizopigwa na watunzi waliokufa miaka mia mbili iliyopita, ambao muziki wao mpaka leo unawatoa jasho wanafunzi wa huku. Nyumba hiyo ilikuwa na piano iliyotengenezwa pamoja na ile ya shule, ndugu yake wa tumbo moja. Walimtaka Fundi akae nao siku kumi na nne, na siku ya mwisho aipange sauti mbele ya watu. Chini kabisa waliandika: aje na msaidizi mmoja.

Mama alisoma hapo mara nne. Akaikunja barua vizuri, akaiweka chini ya bakuli la sukari, akasubiri Fundi amwambie neno.

Aliyefika kabla ya neno hilo ni shemeji yake, mdogo wa Fundi, ambaye wote walimwita Karani kwa sababu alistaafu ukarani lakini ukarani wenyewe ulikataa kumstaafu. Alitembea na kibanio cha karatasi mfukoni. Alisukuma mabonge ya nyuzi za shemeji yake mpaka kwenye stuli, akatandaza fomu za safari mezani, akaanza kujaza huku akinong'ona kama watu wa ofisi wanavyonong'ona.

"Kaka, hapa kwenye msaidizi nijiandike mimi, au siyo?"

Fundi hakusikia. Na Fundi asiposikia alikuwa na dawa yake: alitabasamu, akatikisa kichwa kukubali. Karani akajiandika kwa wino mweusi, herufi ya mwisho akaivuta mkia mrefu.

Alipoondoka, mama akaanza kuosha vikombe kwa kelele.

"Kwa hiyo unakwenda na mdogo wako," alisema, akimtazama usoni ili midomo yake ionekane.

"Nani kasema?"

"Wewe. Umetikisa kichwa."

"Nilidhani ananiuliza kama nina njaa."

"Basi mwambie ukweli."

"Nimwambie sikumsikia? Ataniuliza sijasikia tangu lini. Kesho yake mji mzima unajua." Akaokota kitambaa, akaanza kufuta kikombe kilichokwisha kukauka. "Wewe ungetaka..." Akaishia hapo. "Sukari ipo?"

"Ipo palipo barua," mama akamjibu.

Mama alijua alichotaka. Alitaka kwenda. Alitaka kuisikia ile piano, ndugu wa ile aliyoirudisha duniani yeye na Fundi, na alijua pia kwamba Fundi akikalishwa mbele yake na Karani pembeni, ataaibika mchana kweupe. Lakini kuomba hataomba. Tangu aolewe hakuwahi kuulizwa anataka kwenda wapi, na safari hii aliapa kwamba ataulizwa.

Akisubiri, hakukaa bure. Picha za pasipoti, kama ujuavyo, hazitaki mtu acheke. Karani alivaa tai, akanyoosha shingo mbele ya pazia jeupe la mpiga picha. Mama alikuwa amemsindikiza, amesimama nyuma ya kamera na kikapu chake.

"Shemeji," akamwambia kwa upole, mpiga picha akiwa tayari kubonyeza, "huko Ulaya wakikuuliza habari za watunzi wao, usije ukasema ulisoma nao."

Karani akatoka na meno yote nje. Mpiga picha akarudia.

"Shemeji, hiyo tai si ndiyo tuliyofungia mbuzi juzi?"

Picha ya pili ilitoka amefumba macho, machozi yanamtiririka. Ya tatu mpiga picha akamwomba mama akasubiri nje, akatii, akachungulia dirishani akiwa amejivika kikapu kichwani. Walirudi siku mbili nyingine. "Huyu mwanamke ananichelewesha," Karani akalalamika kwa kaka yake, na Fundi akatabasamu, akatikisa kichwa.

Ikafika siku ya mahojiano ya viza ubalozini. Karani alimkaririsha Fundi maswali manne kwa mpangilio: unakwenda kufanya nini, utakaa siku ngapi, nani amekualika, unakwenda na nani. Fundi akayashika kama mtoto anavyoshika sala. Alikuwa na hesabu yake moyoni: hata asiposikia kitu, mdomo wa afisa ukifunga upande wa pili wa kioo, atajibu linalofuata.

Ukumbi ulikuwa na madirisha matano ya kioo, benchi za chuma, na feni iliyozunguka kwa uvivu. Waliitwa dirisha la tatu. Mama akakaa benchi ya mbele na soksi yake. Nyuma ya kioo alikuwepo afisa, binti mwenye pua nyekundu na boksi la karatasi laini mbele yake. Mafua yalikuwa yamemkamata vibaya.

Swali la kwanza likapita salama. Midomo ya binti ikacheza tena, ikafunga.

"Siku kumi na nne," Fundi akasema.

Binti akakohoa. Mara moja.

Mama aliona mgongo wa mumewe ukinyooka. Mgongo huo aliujua. Ndivyo ulivyokuwa ukinyooka kwenye piano.

"Siku kumi na tano," Fundi akasema.

Binti akainua macho kutoka kwenye barua ya mwaliko. Alifungua mdomo aulize, kikohozi kikamtangulia.

"Kumi na sita."

"Mzee, hapa pameandikwa..." Akakohoa.

"Kumi na saba."

Mama akatupa soksi. Akasafisha koo kumsimamisha, lakini binti naye akakohoa wakati uleule, viwili mfululizo, na Fundi akashuka kwa adabu mpaka kumi na tano na nusu.

"Mzee, tunanadi kitu hapa?" binti akauliza, akifuta pua. Foleni nzima ikageuka.

Karani akaruka kutoka kwenye benchi na faili lake. "Samahani, afisa, mimi ndiye msaidizi wake. Nitaeleza."

"Vizuri. Unamsaidia nini?"

"Namshikia karatasi."

"Kwenye piano?"

Karani akafikiri. "Piano naifahamu. Ina nyeusi na nyeupe."

Binti akafunga faili, akaweka kalamu juu yake. Hata asiyesikia aliweza kuelewa maana yake. Fundi akatazama lile faili lililofungwa, akamtazama mdogo wake, kisha akainamia tundu la kioo na kusema kwa sauti kubwa, kama wanavyosema watu ambao hawajisikii wenyewe:

"Binti, mimi sisikii."

Feni ikaendelea kuzunguka.

"Tangu lini?" Karani akauliza, na safari hii hakunong'ona.

"Miaka sita."

"Na siku ile mezani, nilipokuuliza ukakubali?"

"Kwani uliniuliza nini?"

Karani akakaa taratibu na faili lake mapajani. Alianza kucheka peke yake, kwanza mabega, halafu tumbo. "Shemeji," akasema, "kumbe kile kifua?"

"Kifua hakina neno," mama akamjibu.

Binti wa dirishani alikuwa ameshika karatasi laini bila kuipeleka puani. "Mzee, kama husikii, unapanga vipi sauti za piano?"

Karani akamwandikia kaka yake swali nyuma ya bahasha, maana ukarani hauishi. Fundi akasoma, akageuka, akanyoosha kidole kwenye benchi.

"Masikio yangu yamekaa pale," akasema. "Mwulize yeye. Mimi miaka yote hii nimesahau kumwuliza."

Mama akasimama. Akakung'uta vipande vya nyuzi kwenye sketi, kimoja kimoja, bila haraka, akaenda kusimama kando ya mumewe mahali ambapo midomo yake itaonekana na wote wawili.

"Haya mama," binti akasema. "Wewe unataka nini?"

"Nataka kwenda," mama akasema. "Nataka kukaa karibu na hiyo piano mpaka uzi wa mwisho, na ikikaa sawa, nataka niwaambie watu kwa mdomo wangu kwamba nimeisikia mimi."