Weka Haragwe Panapouma

Maji taka yalikuwa yamepanda tena. Bibi kizee Beldina aliinama, akayachota kwa mkebe wa mafuta ya kupikia, akayamwaga nje, akainama tena. Miaka thelathini na tisa ndani ya chumba hicho kimoja cha Kaloleni. Mgongo ulishajua njia wenyewe.

"Shosho, usikose ukumbini leo," Maurine, msichana wa utafiti, alimwita kutoka mlangoni.

Ukumbini ramani ya mtaa mzima ilikuwa imechorwa sakafuni kwa chaki, na kila mtu akapewa punje za mahindi na haragwe.

"Wataalamu ni nyinyi, si mimi," Maurine alisema. "Mahindi weka panapokufurahisha. Haragwe, panapouma."

Wabwire, fundi viatu, alitupa haragwe juu ya nyumba ya mama mkwe wake. "Hapo ndipo penyewe!" Ukumbi ukaangua kicheko.

Beldina hakucheka. Alipiga goti, akaweka haragwe juu ya chumba chake mwenyewe. Akafikiri. Akaongeza la pili.

"Niandike nini, shosho?"

"Andika bomba limepasuka. Waliunganishe tu, basi."

Maurine aliandika, akampiga picha. Kisha kila mtu akatia sahihi kwenye orodha, akapewa chai na andazi.

Mwezi wa nne akaja Musau, karani wa mradi wa nyumba mpya, na mpaka rangi mwenye kopo nyuma yake. Musau alibeba kitabu kinachong'aa. Jaladani, mkono wa Beldina ulikuwa umeshika haragwe.

"Hongera, shosho. Umekuwa staa."

"Bomba mtatengeneza lini, mwanangu?"

"Bomba?" Musau alifunua kurasa. "Hapa wanasema wenyeji wenyewe wameonyesha vyumba visivyofaa kukaliwa na binadamu. Chako ndicho cha kwanza. Maharagwe mawili. Una siku thelathini za kuhama."

"Mtu akisema jino linamuuma, mnamkata kichwa?"

Mpaka rangi alicheka. Musau hakucheka.

"Jamii ilishirikishwa, mama. Sahihi yako hii."

"Hiyo ilikuwa ya chai!"

"Na chai si ulikunywa?"

Beldina aliugeukia mlango wake, mkebe mkononi. Kisha, polepole, "Sasa niende wapi?"

"Hilo ni la utafiti mwingine. Maurine atawaita."

Mpaka rangi aliinua kopo lake, likamchuruzikia kiatuni. "Aah, linavuja. Shosho, hebu niazime huo mkebe wako."

Mkono uliutoa kabla moyo haujakataa. Rangi nyekundu ikamiminwa ndani, hadi ukingoni. Alama ya kwanza ya kubomolewa ikapanda ukutani.

"Inua kidogo, shosho. Sifikii."

Akainua. Ndani ya chumba maji yalikuwa yakipanda, na mkebe ulikuwa mmoja.