Sura ya Babu Ukutani

Nani alinituma nikakae katikati ya benchi? Pale ukumbini Kilosa walituonesha filamu ya historia ya mashamba ya mkonge, na ghafla babu yangu akatokea ukutani, mnyapara, akimchapa kibarua viboko. Nyumbani tuliambiwa alikuwa karani! Ukumbi mzima ukanigeukia, maana sura yake ndiyo yangu.

Mjadala ulipofunguliwa, mtani wangu Filomena akadakia, "Na wewe fimbo yenu umeiacha nyumbani leo?" Watu wakacheka. Mtani hakasirikiwi, nikameza hasira, nikasimama nitoke.

Mwisho wa benchi alikaa Mzee Bonifas, mtoto wa kibarua wa mkonge.

"Shikamoo mzee. Naomba kupita."

Mzee huyu huitikia hata salamu za walevi. Hakuniitikia, wala hakusogeza miguu.