Kigoda cha Chumba cha Kufulia

Shuka za hospitali hukunjwa na watu wawili. Kila mmoja hushika pembe mbili, huvuta mpaka kitambaa kinyooke, kisha hujongeleana hadi vidole vyao vikutane. Mjane alikuwa ameifanya kazi hiyo miaka kumi na mmoja alipopewa mwenzake mpya wa kazi: mume wa mdogo wake, ambaye mjane mwenyewe ndiye aliyemwombea nafasi na kumfundisha kukunja.

Mwisho wa mwezi walitia sahihi karatasi moja, naye akaona kwamba, kwa shuka zilezile, mshahara wake ulikuwa thuluthi mbili ya ule wa shemeji. Alipoweka kalamu chini alikuwa amepungua kimo shibiri moja. Mwezi wa pili alipungua nyingine, kisha akakoma. Shuka zikaanza kukunjika kombo.

"Shemeji, inua mikono," alisema mwanamume.

"Niinue hadi wapi, nikushike kidevu? Inama wewe."

Hakuinama, alipiga magoti. Alifanya kazi hivyo wiki nzima bila kuamriwa na mtu, mpaka magoti yakavimba, akasimama tena.

Msimamizi akaja na futikamba. Akampima mmoja, akampima wa pili, akaandika.

"Thuluthi mbili barabara," alisema. "Sawasawa na mshahara wako."

"Basi niongezeni mshahara, nirudi."

"Dada, mwenzio ana familia."

"Na wangu watatu je? Wanakula mvuke?"

Msimamizi alikiri kwamba swali lilikuwa na uzito. Akamwita seremala.

Kigoda kilikuwa kizuri, kimepigwa msasa pande zote, na shuka zikarudi kunyooka. Nyumbani, kifungua mimba wake, msichana wa shule, alishusha kamba ya kuanikia na kioo cha ukutani, akapunguza magauni ya mama yake. Vitambaa vilivyobaki vikatosha foronya nne. Kila mwaka mjane alipeleka barua ofisini. Kila mwaka kigoda kilipakwa rangi upya. Katika barua ya mwisho hakujiombea tena urefu wake. Aliomba tu kwamba bintiye huyo, aliyekuwa amemaliza shule na kukubaliwa kazi chumba hichohicho, asihitaji kigoda.

Binti alikuwa mrefu kama marehemu baba yake. Mlangoni huingia kwa kuinama. Asubuhi ya kwanza mama alimpigia pasi gauni, akamwambia atembee kichwa juu. Walipofika, kabla hajatia sahihi popote, walimkuta seremala akiwangoja kizingitini, futikamba shingoni.

"Simama wima, binti," alisema kwa upole.

Alimpima kutoka utosini hadi kisiginoni, akapiga hesabu kimoyomoyo, akatoa thuluthi, kisha akauliza kama apendelea cha miguu mitatu au minne.

Binti alimtazama mama yake.

"Minne," mama alijibu. "Cha mitatu hupinduka."