Mwonja Chai na Msoma Habari

Kila jioni, taarifa ya saa moja ikikaribia, mzee Oyugi aliandaa chai, akavuta kiti karibu na televisheni na kungoja mkewe atokee kwenye kioo. Mkewe, Loice Akello, alikuwa msoma habari wa kituo kimoja cha Kericho tangu binti yao Beverly akiwa wa kubebwa mgongoni. Sasa Beverly mwenyewe ana watoto wanaokwenda shule.

Jioni hiyo muziki wa habari ulilia kama kawaida, kisha akatokea msichana.

"Hamjambo watazamaji. Mimi ni Valary Chepkoech."

Oyugi alisimama, kijiko kikiwa mkononi. Loice alikuwa ametoka asubuhi akiwa mzima kabisa. Oyugi alikuwa bado anapapasa chini ya mito ya kochi akitafuta simu, mlango ukafunguka, mkewe akaingia na poda ya studio usoni.

"Usinitafute huko, Baba Bev. Niko hapa."

"Wewe ni mgonjwa?"

"Mimi ni mzee. Leo nimeambiwa, tena kwa adabu sana." Alivua viatu akaketi. "Ijumaa ndiyo ya mwisho. Watanikatia keki, nisome habari, niage watu. Leo nimemwachia Valary kiti aanze kuzoea. Na hiyo Ijumaa siendi. Nitasema nina homa."

Oyugi aliitazama televisheni. Alijua jinsi watu walivyomzoea Loice, kuanzia Kapkatet mpaka Sigor. Kuna akina mama waliokuwa wakiitikia salamu yake huku wakikoroga ugali. Akiondoka bila kuwaaga, jambo hilo lingemkaa rohoni siku zake zote. Alitaka kumwambia hivyo. Kilichotoka kinywani kikawa kingine.

"Huyu msichana anameza majina ya watu."

Loice alicheka, lakini kicheko kilikatikia njiani. "Umeanza. Na mimi Ijumaa ungeniambia nini? Nilikimbia kwenye habari ya barabara? Kola ilikuwa imelala? Baba Bev, tangu nianze kazi hii hujaniambia kitu isipokuwa makosa. Jioni ile ya mvua ya mawe, niliposoma hasara ya wakulima nikijikaza nisilie, watu walinipigia simu mpaka betri ikaisha. Wewe ulisema nilikohoa."

"Si ulikohoa?"

"Nilikohoa, ndiyo." Akaanza kujifuta poda kwa leso, polepole. "Ndiyo maana siendi. Kama mtu wa nyumba yangu haoni kitu cha kuagwa, nitaenda kuaga nini?"

Oyugi akakaa. Maisha yake yote ya kazi alikuwa mwonja chai kiwandani. Vikombe vilipangwa mezani, naye akavuta chai kwa kijiko kwa mlio mkubwa, akaizungusha mdomoni, akaitema na kutaja kasoro: hii ina moshi, hii imeungua, hii ni maji matupu. Akikuta chai nzuri hakusema neno. Alisonga mbele kwenye kikombe kinachofuata, na chumba kizima kikaelewa. Hakuwahi kufikiria kwamba nyumbani hakukuwa na mtu wa kuelewa.

"Mama Bev, kule kazini kwetu, chai ikiwa nzuri..."

"Mimi si chai, Oyugi."

Valary alikuwa amefika kwenye hali ya hewa, mvua zaidi Bomet na viunga vyake. Oyugi alinyoosha mkono akaizima televisheni, kitu ambacho hakuwahi kufanya habari zikiendelea.

"Maskini msichana wa watu," Loice akasema. "Siku yake ya kwanza nawe unamzimia televisheni."

"Atanisamehe."

Alikigeuzageuza kijiko mkononi, akaona hakina kazi, akakiweka chini. Kisha akamwangalia mkewe usoni, upande mmoja una poda na mwingine hauna.

"Loice, wewe unasoma vizuri. Jioni ile ya mvua ya mawe nilitoka nikalia kule nyuma kwenye boma la ng'ombe. Niliporudi nikasema umekohoa kwa sababu sikujua niseme nini kingine. Mimi napenda kukusikiliza. Najivunia wewe, hata ukikohoa. Ijumaa nenda, na mimi nitakuja nikae pale studio nikuangalie."