Karanga Chini ya Ulimi

Usiku wa jana niliota nasimama mbele ya wajumbe kuomba nafasi katika halmashauri ya mkoa ya chama chetu, Chama cha Kinu. Hapo hakuna ajabu. Nagombea kweli, na uchaguzi ni leo. Ajabu ilikuwa kwamba msimamizi wa uchaguzi alikuwa korongo.

Alikuwa korongo mzima, wale wanaosimama jalalani na kipara, amevaa koti na tai. Wajumbe hawakushtuka. Nami nikaona nisijitie ujuaji, nikamsalimu.

Mpinzani wangu ni mmoja tu, Mzee Pazi. Pazi ni Mzaramo aliyekuja Tabora kijana akaoa hapahapa, mimi ni Mnyamwezi, na watani ndio sisi, tangu babu zangu walipokuwa wakishuka pwani na mizigo kichwani. Mtani akiona kitu chako akasema "hiki changu," unacheka, unampa. Ukinuna umejiaibisha. Redio yangu iko kwake tangu msiba wa mama. Pampu ya baiskeli iko kwake. Jogoo sitamtaja, maana alishaliwa.

Ndiyo maana jana jioni mke wangu, Mama Kalunde, aliniambia huku anachambua mchele, "Baba Kalunde, kura ya hakika unayo moja tu, ya kwako. Na hiyo nayo Pazi ataiomba, utampa." Nilikwenda kulala nimeapa kwamba kitu kimoja, kimoja tu maishani, mtani wangu hatakipata.

Sasa korongo anagawa kura. Chama chetu nembo yake ni kinu, kwa hiyo kura ni karanga. Kila mjumbe anapewa moja, ataidondosha kinuni wakati ukifika. Karanga zimo ndani ya maganda yake, kwa sababu kura ni siri. Mjumbe mmoja wa kutoka Sikonge ameshaitafuna ya kwake na anauliza kama kuna nyingine.

Ya kwangu ikanong'ona, "Mzee Mihayo, nifiche. Yule mwenye kanzu ananitazama."

Kweli, Pazi anakuja, mkono mbele, anacheka kabla hajafika. Nikaiweka karanga chini ya ulimi nikafumba mdomo.

"Mtani," akasema, "mbona shavu limevimba? Jino?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Pole. Hilo jino, likitoka, langu."

Ukumbi ukaanza kwenda. Niliufahamu mwendo wake, maana nimestaafu reli: lilikuwa behewa la daraja la tatu, na nje ya dirisha miombo inapita. Hakuna aliyeuliza tunakwenda wapi. Korongo alipita katikati ya viti akitoboa kadi za uanachama kwa mdomo wake, kisha akatangaza kwamba wagombea watajieleza kwa dakika tatu.

Dakika zenyewe zikaingia. Zilikuwa akina mama watatu wa makamo, wamevaa kitenge sare, wakaketi kwenye benchi mbele yangu. Wa tatu alikuwa na haraka, ameacha maharage jikoni.

Pazi alianza. Akaahidi maji, barabara, soko la asali, na kwamba mvua itanyesha usiku tu ili watu wasilowe. Wajumbe walipiga makofi kwa adabu, kama wanavyompigia kila mtu. Dakika zake zikatoka zikaingia upya kwa ajili yangu.

Nikasimama. Hotuba niliikariri tangu wiki iliyopita, mbele ya mbuzi na mbele ya Mama Kalunde, na mbuzi ndiye aliyesikiliza mpaka mwisho. Lakini nikifungua mdomo karanga itadondoka, na Pazi amekaa mstari wa mbele, ametandaza kanzu magotini kama mtu anayekinga embe.

Nikanyamaza.

Dakika ya Kwanza alinitazama, akaguna, akaondoka. Ya Pili akaanza kusinzia, akaamka, akaondoka. Ndani ya mdomo karanga ikalalamika kwamba pananukia ugoro. Nikaendelea kuwatazama wajumbe. Wajumbe wakanitazama.

"Huyu hajaahidi kitu," mzee mmoja akamwambia mwenzake.

"Hata kimoja," mwenzake akasema. "Tangu nijiunge na chama sijaona mgombea mkweli namna hii."

Dakika ya Tatu alifuta chozi kwa ncha ya kitenge, akasema maharage acha yaungue, akabaki. Behewa zima lilisimama kunishangilia, na Pazi, nilimwona kwa jicho la pembeni, akalegeza kanzu. Nikajua nimeshinda. Kilichobaki ni kuidondosha karanga yangu kinuni mimi mwenyewe.

Korongo akapanda juu ya kinu afungue upigaji kura. Akanyoosha shingo. Akatoa salamu ya chama.

"Kinu!"

Sasa, mwanachama wa Kinu, hata ukimkuta amelazwa hospitali, ukimwambia hivyo ataitikia. Nimeitikia salamu hiyo mazishini. Nimeiitikia usingizini. Mdomo haukuniomba ruhusa.

"Twanga!" nikajibu.

Karanga ikaruka. Ikapita juu ya Dakika ya Tatu, ikazunguka chini ya taa, ikatua katikati ya kanzu ya Mzee Pazi.

Akaiokota, akaipangusa mate.

"Mtani," akasema, "hii yangu."

Behewa zima linangoja. Nikacheka, nifanyeje? Nikacheka vizuri, kwa kelele, kama inavyotakiwa, na moyo unanichoma.

Kura zikadondoshwa kinuni, ile yangu kwa mkono wa Pazi, kisha zikahesabiwa. Korongo alizitoa kinuni mojamoja akazipasua, na kila karanga ikitoka gandani inataja jina. Mihayo. Pazi. Pazi. Mihayo. Tukaenda sambamba hivyo mpaka ikabaki moja, imelowa. Korongo akaipasua. Ile karanga ikanitazama kwa aibu.

"Mzee, mimi nilikuwa wako," ikasema. "Lakini nimeshachukuliwa na mtani. Pazi."

Tukawa uani kwangu, treni haipo. Wajumbe wote wanakula, sijui nani aliwapikia. Kiti cha halmashauri kikaletwa kimebebwa juujuu. Kilikuwa kiti cha plastiki, cheupe, mguu mmoja umefungwa mpira wa baiskeli. Pazi alikusanya kanzu yake tayari kukaa.

Mama Kalunde alikuwa pale jikoni, anachambua mchele uleule. Hakuinua kichwa.

"Baba Kalunde," akasema, "kwani utani wenu una njia moja?"

Nikasimama kama niliyemwagiwa maji. Miaka yote hiyo yeye anachukua, mimi nacheka. Sikuwahi kuona kitu cha Pazi nikakitaka.

"Mtani," nikasema, "hicho kiti changu."

Wajumbe waliacha kutafuna. Pazi alibaki amejikunja nusu, si wa kukaa si wa kusimama, akamgeukia korongo kumwomba mwongozo. Korongo alifikiri kwa mguu mmoja.

"Chama kimeukuta utani," akaamua. "Hakiwezi kuutangulia."

Pazi akacheka. Alicheka vizuri, kwa kelele, kama inavyotakiwa. Kisha akajinyoosha.

"Chukua, mtani. Ila mimi nitakaa wapi?"

"Hukai," nikamwambia. "Utasimama hivyohivyo mpaka mimi kwa mdomo wangu nikukaribishe kiti."

Nikajishusha nikikalie. Nikajishusha, nikajishusha, kiti kiko mbali kuliko kilivyoonekana, na nilipokifikia kikawa godoro langu, jua liko dirishani, na Mama Kalunde anauliza kama nitakwenda kwenye uchaguzi au nitachaguliwa kitandani.

Nimevaa. Nimeketi barazani na chai. Pazi amebisha hodi, kanzu imepigwa pasi, amenipitia twende pamoja, kama tulivyokubaliana. Kwa kawaida Pazi hangoji kukaribishwa. Huingia akakaa kwenye kiti changu na kuulizia kitumbua.

Leo amesimama mlangoni. Mama Kalunde amemletea kigoda, amekitazama tu.

"Shemeji, niache kidogo," amesema. "Magoti yamegoma tangu alfajiri. Chai nimekunywa wima. Hata swala nimeswali wima." Kisha amenigeukia, na kwa mara ya kwanza simwoni akicheka. "Mtani, kura yako leo si utanipa?"

Mimi nimepuliza chai.

"Baba Kalunde," mke wangu amesema, "mbona humkaribishi mwenzio kiti?"

Ni maneno mawili tu, na ni adabu ya kawaida, hata mgeni usiyempenda unamwambia. Nimeyaweka chini ya ulimi, palepale ilipokuwa karanga, na nimefumba mdomo. Uchaguzi ni saa nne. Naomba tu asitokee mtu wa kunisalimu salamu ya chama.