Kasha Lisilopitisha Vumbi

Saa mbili na dakika ishirini asubuhi, Jumatatu tarehe 20 Agosti 2001, ubavu wa kasha la pili ulikuwa umepungua milimita nne. Nilipima mara tatu, kwa rula mbili tofauti.

"Umepungua wapi?" aliuliza Mudrick. "Mbona naona limekaa vizuri tu."

"Bodi haiingii."

"Basi bodi ndiyo kubwa, injinia."

Injinia lilikuwa jina la kunitania. Nilikuwa fundi wa kompyuta wizarani mpaka Machi, nilipopunguzwa pamoja na wenzangu kumi na wawili. Mudrick alikuwa fundi masanduku. Kwa miaka kumi na tisa, kwanza kwao Kondoa, kisha hapa mjini kwenye soko la Majengo, alitengeneza masanduku ya bati ya wanafunzi wa bweni, na sijaona mtu anayekunja bati kwa unyoofu kama yeye. Lakini hakutumia rula. Alipimia ufito wenye alama za kisu. Alama zile zilitosha kwa sanduku la nguo, kwa kuwa nguo hukubali kubanwa. Bodi ya kompyuta haikubali. Tundu la skrubu likihama milimita moja, skrubu haishiki.

Kasha la kwanza lilikuwa limeharibika hivyo hivyo wiki iliyotangulia. Bati lilikuwa limebaki la kasha moja tu.

Sababu ya haraka ilikuwa Bi Ruthu, mkuu wa chuo kimoja cha uhazili. Alikuwa amenunua kompyuta ishirini na nne zilizotumika Ulaya, zikafika makasha yamebondeka lakini vitu vya ndani ni vizima. Alitaka makasha mapya yatakayozuia vumbi, kwa sababu kompyuta zake za mwanzo zilikufa kwa vumbi la Dodoma kabla ya kutimiza miaka miwili. Tulikubaliana nipeleke kasha moja Ijumaa. Lingefanyiwa kazi na mwanafunzi kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa kumi jioni. Masharti niliyaandika mimi mwenyewe, yawe wazi: ndani kusionekane vumbi, na kompyuta isizime hata mara moja. Likifaulu, ningetengeneza yote ishirini na manne. Likishindwa, angeagiza Dar es Salaam.

Bi Ruthu alikuja kwetu Nkuhungu kuona karakana kabla ya kukubali. Ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yetu: jiriwa la kubania bati limefungwa kwenye meza ya kulia chakula, kipande cha reli cha kukunjia bati, mikasi, tupa na drili. Alisimama mlangoni, hakukanyaga ndani. "Mimi shida yangu ni vumbi," alisema. "Nikiona vumbi ndani ya hilo kasha, silitaki." Mudrick alimsikia vizuri.

Mke wangu Dorothea alimsikia pia.

"Baba Cornel," aliniambia jioni ile, "tangu Juni tunakula sahani zikiwa mapajani kama abiria. Sila, yule anayefanya kazi bungeni, anataka kukipanga hiki chumba. Nimwambie nini?"

"Mwambie asubiri Ijumaa."

"Ijumaa ya mwezi huu?"

Jumanne umeme ulikatika saa moja asubuhi ukarudi saa kumi na moja jioni. Drili ilikaa mezani siku nzima. Jumatano nilimnyang'anya Mudrick ufito wake, nikachora mistari yote juu ya bati kwa msumari, naye akakata na kukunja kwa kuifuata. Kasha la tatu lilitoka sawa, pembe zote nyuzi tisini. Bodi iliingia. Nikaanza kutoboa matundu ya mbele, sitini, ya milimita tano kila moja.

"Haya nayo ya nini?" Mudrick aliuliza. "Umemaliza kuziba, sasa unatoboa?"

"Yapo kwenye mchoro."

"Nimeona yapo. Nauliza ya nini."

Tundu la thelathini na moja lilikuwa limekwenda pembeni na keekee ya drili ilikuwa inapoteza makali. "Fuata mchoro, fundi," nilisema.

"Haya. Urembo ni wako."

Nyuma ya matundu nilifunga fremu yenye kitambaa chembamba cha pamba. Feni ya nyuma ingevuta hewa kupitia kitambaa, vumbi likabaki nje. Alhamisi asubuhi niliweka vitu vyote ndani, nikawasha kwa saa moja na nusu. Kipimajoto cha ndani kilisoma nyuzi arobaini na moja. Niliandika namba hiyo ukutani kwa penseli.

Kilichobaki kilikuwa rangi. Nilijaribu kupaka uani, upepo wa Agosti ukaifanya rangi mbichi kuwa msasa. Nikakwangua, nikapaka tena, ikawa vilevile. Mudrick akasema kwake Majengo ana chumba cha ndani na pampu ya kupulizia, angelipaka rangi nyeusi na kulileta chuoni alfajiri. Nilitoa vitu vya ndani, nikampa kasha tupu.

Ijumaa alifika kabla yangu, amevaa kanzu tayari kwa sala ya mchana. Rangi ilikuwa nzuri. Nilipima ubavu, nikapima matundu ya skrubu, nikafunga bodi, diski, feni na kipimajoto. Kitambaa kilikuwa mahali pake. Saa tatu kamili mwanafunzi aitwaye Brightness alianza kuchapa barua. Bi Ruthu alitazama kidogo, akaenda kwenye kikao mjini.

Saa nne nilishika ubavu wa kasha. Ulikuwa wa moto. Saa tano ulikuwa wa moto zaidi. Nilidhani ni joto la chumba na jua la dirishani, nikafunga pazia.

Saa tano na dakika arobaini na tatu kompyuta ilizima.

"Eh!" alisema Brightness. "Na ukurasa wangu?"

Nilifungua kasha. Kipimajoto kilisoma nyuzi sabini na moja. Feni ilikuwa nzima. Nilifungua fremu, nikatoa kitambaa, na nyuma yake nikakuta bati jembamba limechomelewa kwa risasi iliyoyeyushwa pande zote nne, limepakwa rangi nyeusi. Matundu yote sitini yalikuwa yamezibwa.

"Hili nani ameweka?"

"Mimi," alisema Mudrick, bila wasiwasi wowote. "Jana nililivaa kichwani juani, kama ninavyofanya kwa kila sanduku. Likaonyesha mwanga kama chekecheke! Kitambaa kile hakizuii kitu. Na yule mama si alisema hataki vumbi? Sanduku lenye mwanga halijawahi kutoka mkononi mwangu."

"Hewa ilikuwa inaingilia hapo."

"Hewa ya nini? Kwani linapumua?"

"Ndiyo."

Aliyatazama matundu. Kisha akasema, "Nilikuuliza."

Ni kweli aliniuliza. Nilichukua koleo, nikang'oa bati lile. Ilinichukua dakika kumi na tisa, kwa kuwa alilichomelea vizuri sana. Saa sita na dakika tano kompyuta iliwaka tena.

"Sasa sikiliza, Batholomeo," Mudrick alisema, na safari hii hakuniita injinia. "Hili kosa si la kasha, ni langu. Kasha ni zima. Anza kuhesabu sasa. Huyo mama hayupo."

"Mimi sisemi kitu," alisema Brightness, "mradi mnirudishie ukurasa wangu."

Hakukuwa na njia ya kuurudisha. Kwenye fomu ya masharti niliyoiandika kulikuwa na mstari ulioandikwa *Saa ya kuzima*. Nilijaza: 5:43. Mudrick alitazama kalamu mpaka nilipomaliza, akaenda msikitini.

Kuanzia hapo kompyuta haikuzima.  Saa kumi Bi Ruthu alirudi, akaagiza kasha lifunguliwe. Kipimajoto kilisoma nyuzi arobaini na tatu. Akapitisha kitambaa cheupe juu ya bodi na kwenye pembe za chini. Kitambaa kilibaki cheupe.

"Hamna vumbi," alisema.

"Hamna."

Akasoma fomu. "Lakini ilizima."

"Mara moja. Sababu nimeiandika chini."

"Nimeiona." Alisoma tena, taratibu. "Bwana Batholomeo, makasha mengine yatatengenezwa na nani? Si huyu huyu fundi wako?"

"Ndiye."

"Na masharti haya aliandika nani?"

"Mimi."

Akatia saini chini ya neno *Halikufaulu*, akanipa nakala. Saa kumi na dakika ishirini na mbili alinyanyua simu, akapiga Dar es Salaam, akaagiza makasha ishirini na manne.