Ndege Iliyokalia Mkia

Mume wangu alinichagua mimi kwa siku mbili, na moja kati ya hizo alikuwa na homa. Ndege ya mabomu aliichagua kwa miezi mitatu.

Nasema ndege za plastiki. Zinauzwa kwenye boksi, vipande mia na kitu vimeshikana kwenye fremu, na karatasi ya maelekezo yenye michoro. Unakata kipande, unakisugua kwa msasa, unakigundisha, unakipaka rangi, na mwisho una ndege ya vita vya zamani ndefu kama mkono kuanzia kiwiko, isiyodondosha kitu isipokuwa vumbi. Mume wangu alikuwa fundi saa miaka thelathini na nane. Alipostaafu tulidhani atalala. Akaanza ndege. Za abiria hazitaki. Zile ndogo za mtu mmoja anaziita nzi. Anataka za mabomu tu, zenye vioo vingi na watu wengi ndani, kila mtu na kiti chake na kazi yake.

"Ni saa yenye mabawa," aliniambia.

"Saa haiui mtu."

"Hujawahi kuajiriwa wewe, hujui."

Safari hii boksi mbili zilimshinda. Moja ilikuwa ya ndege yenye gurudumu dogo mkiani. Nyingine gurudumu lake lilikuwa mbele, chini ya pua. Kila Jumamosi tulikwenda dukani, akazishika zote mbili, akazirudisha. Jumamosi ya mwisho mwenye duka akachoka.

"Mzee, hii ya gurudumu la puani ni ya wajuzi. Inataka hesabu."

"Hesabu gani?" nikauliza.

"Mama, haya ni mambo ya mafundi."

Mume wangu alishaibana boksi hiyo kwapani. Ukimwambia fundi saa kwamba kitu ni kigumu umeshamuuzia.

Sasa niseme jambo ambalo mwenyewe alikuwa halijui. Mwaka juzi mikono yake ilianza kutetemeka. Daktari alisema ni utu uzima, akampa vidonge. Kwa mtu mwingine ni chai kumwagika kwenye kisahani, basi. Lakini ndege ya kwanza aliyoijenga na mikono ile ilitoka bawa moja juu, jingine chini, kama mtu anayeinua mabega na kusema mimi sijui. Aliiweka kwenye rafu, akaitazama, akaigeuza ielekee ukutani.

Kila asubuhi, saa mbili hadi saa nne, huenda kwa kinyozi kusoma magazeti ya bure. Kesho yake alipotoka niliishusha ndege, nikafungua maungio kwa wembe, nikasugua gundi iliyovuja, nikaliweka bawa sawa. Mimi niliishia darasa la saba, lakini nimekuwa fundi cherehani maisha yangu yote, na mtu aliyeshona vifungo vya magauni ya maharusi hatishwi na bawa la plastiki. Aliporudi akaigeuza, akaitazama muda mrefu.

"Kumbe jana ni macho yalikuwa yamechoka," akasema.

Basi ikawa ndiyo zamu yetu. Jioni yeye anaharibu, asubuhi mimi natengeneza. Alinenepa kwa furaha. Akamwambia kinyozi mikono inarudi, kinyozi akawatangazia wateja wote, hata wale waliokuwa na sabuni masikioni. Na mimi sikukosa starehe yangu. Kuna mpiga bunduki wa mkiani, urefu wake kama punje ya mchele, nilimpaka rangi nyekundu mdomoni. Ni miaka mingi amekaa peke yake huko nyuma, mwache apendeze.

Hiyo ndege mpya ilikwenda vizuri mpaka kufika kwenye tumbo. Asubuhi moja nikakuta zile pande mbili za tumbo zimefungwa kwa mipira tu, hakuna hata tone la gundi. Nikajua jana gundi ilimshinda. Nikatazama karatasi. Palichorwa jiwe la mizani, kama la dukani, na mshale unaoelekea puani, na kuandikwa gramu 30. Nikaelewa kwamba ndege ikikamilika itakuwa na uzito huo. Nikacheka peke yangu, nani ananunua ndege kwa kupima? Nikagundisha tumbo kuanzia pua hadi mkia, nikasugua mpaka mstari wa maungio ukapotea. Ilikuwa kazi yangu nzuri kuliko zote.

Wiki iliyofuata akamaliza magurudumu, akaniita.

"Njoo uone inavyosimama."

Akaiweka mezani. Ilisimama kidogo, halafu ikakaa kitako. Mkia chini, pua juu, gurudumu la mbele linaning'inia hewani, kama mbwa anayesubiri mfupa. Mimi nikacheka. Yeye hakucheka.

"Sikuweka uzito," akasema. Akavuta kikombe kilichokuwa pembeni ya taa. Ndani mlikuwa na vipande vya risasi, vile ambavyo wavuvi hufunga kwenye mshipi uzame. "Ndege ya gurudumu la puani, mkia wake ni mzito. Lazima uijaze pua kabla ya kufunga tumbo. Vipande nimevipima, gramu thelathini. Tumbo nililifunga kwa mipira nione linavyokutana, ili kesho yake niweke uzito. Halafu inaonekana nikaligundisha."

"Labda ulikuwa umechoka."

"Sikumbuki, mke wangu. Kushika gundi sikumbuki, kusugua sikumbuki. Hata kidogo."

Hapo niache mzaha. Kaka yake mkubwa alianza hivyohivyo. Alisahau birika jikoni, baadaye akasahau njia ya nyumbani, na mwisho akawa anamwamkia mkewe shikamoo mama. Mume wangu ndiye aliyemwogesha miaka miwili. Nilijua alichokuwa anakiona ndani ya kikombe kile.

Asubuhi yake hakwenda kwa kinyozi.

"Nisije nikapotea," akasema. Kinyozi yuko nyumba ya pili. Akatoa funguo zake zote mfukoni, akaniwekea mapajani. "Kaa nazo wewe. Nimempigia binti yako, anitafutie daktari wa kichwa hukohuko hospitali anakofanya kazi. Na boksi zilizobaki, kinyozi aje achukue."

Siku mbili nilitembea na funguo zile. Nikisema, namnyang'anya mikono. Nikinyamaza, namnyang'anya kichwa. Nilitafuta utani wa kuingilia nikaukosa, mimi ambaye hata kwenye uchungu wa uzazi nilimuuliza mkunga kama yeye amewahi kujaribu.

Siku ya tatu, tunakunywa chai, akaniuliza leo ni siku gani.

"Alhamisi."

"Najua. Nilitaka kuhakikisha." Na nikaona ameiandika kwa kalamu kwenye kiganja, herufi zinacheza.

Nikaweka kikombe chini.

"Mzee, lile tumbo niligundisha mimi."

Akanitazama.

"Uligundisha nini?"

"Tumbo la ndege. Ulipokuwa kwa kinyozi. Nilidhani gundi imekushinda, na lile jiwe la mizani nilidhani ni uzito wa ndege ikiisha."

"Kwa hiyo mimi sikusahau."

"Hukusahau kitu. Usingeweza kukumbuka ambacho hukufanya."

Akavuta pumzi, nikaona mabega yanashuka. Nikafikiri tumemaliza. Halafu mabega yakapanda tena.

"Na uligundisha vizuri namna ile mara ya kwanza tu?"

Nikaanza kukusanya vikombe, na jibu akalipata. Akanyanyuka, akaniita kwenye rafu. Ndege saba.

"Onyesha zako."

Nikaonyesha. Kila niliyoigusa akaihamishia kulia.

"Hata hii? Hii kinyozi aliipiga picha."

"Hiyo pia."

"Na huyu wa mkiani, mwenye rangi mdomoni? Nilidhani brashi iliniteleza."

"Hapana, huyo alikuwa amejipamba atoke."

Hakucheka, ila pua ilimtikisika. Mwisho ndege sita zilikuwa kulia, moja kushoto. Hiyo moja nayo bawa nililinyoosha mimi, lakini nilimwachia. Nani angenishitaki?

"Miezi ishirini umenifanya nijisifu mtaani," akasema.

"Ulikuwa unapendeza ukijisifu."

"Kwa hiyo kichwa changu ni kizima."

"Kizima. Mikono ndiyo imekusaliti."

"Na wewe."

"Na mimi."

Akaniomba funguo zake, akatoka, akaenda kwa kinyozi. Alikaa huko mpaka saa saba, nikajua amekasirika kweli, maana magazeti ya mule ni mawili tu. Aliporudi alimpigia binti yetu akamwambia daktari wa kichwa aache, ila amuulize kama kuna kidonge cha wanawake wadanganyifu. Halafu akaketi mezani, akavuta kiti cha pili.

"Lete mikono yako."

Akanifundisha kutoboa tundu mle ambamo gurudumu la mbele linakunjwa, pasipoonekana. Nikatoboa kwa kichokonoo chake cha saa. Yeye akahesabu vipande vya risasi, mimi nikavidondosha kimoja kimoja na kumimina gundi juu yake.

"Taratibu. Hushoni gunia."

"Gunia lingekuwa limeshaisha."

"Nani alikufundisha kushika kibano hivyo?"

"Wewe. Nilikuchungulia mlangoni."

"Ulichungulia vibaya."

Tukaiacha ikauke mpaka kesho yake. Aliiweka mezani yeye mwenyewe, kwa mikono miwili, ikitetemeka hadi ilipogusa mbao. Ikasimama. Gurudumu la pua chini, mkia juu, kama inavyotakiwa.

"Hii inakaa kushoto," akasema. "Hesabu ni yangu."

"Tumbo ni langu. Inakaa kulia."

"Tumbo ulilikosea."

"Nililikosea vizuri, hata mstari hauonekani. Umesema mwenyewe niligundisha vizuri."

Bado iko mezani, na sisi tunakula jikoni.